Manzi Mbaya Ndio Hubeba Lakorn

Kofi ya lakorn haipigwangi mara moja. Mkono unashuka, shavu linageuka, alafu kamera inairudia toka upande ule mwingine, na ngoma ya nyuma inapanda mpaka unatafuta rimoti. Mwenye amelimwa anashika shavu, anatoa macho, hasemi kitu. Lakini unamskia akifikiria! Sauti yake inapita juu ya picha, anapanga hatua kwa hatua vile atalipiza, na adui yake amesimama hapo hapo mbele yake, haskii hata nukta. Msee mgeni ataangua kicheko. Mwenye ashazoea anaongeza sauti, juu anajua sasa ndio mambo inaanza.

Lakorn ni zile drama za TV ya Thailand, na nyingi ni za mapenzi. Ka ulilelewa na sopu za Mexico na Ufilipino venye watoi mob wa Nairobi walilelewa, utadhani unazijua. Unazijua nusu. Ile ya Mexico inaweza kuzungusha mimba moja mpaka mtoto angekuwa ashaanza shule. Lakorn inawaka, inachoma, inaisha. Nyingi hazipiti episodi 30, zingine hata 15, lakini moja ukiweka matangazo inagonga kama masaa mbili. Zinaingia usiku baada ya habari, na Channel 3 na Channel 7 zimepigania hio saa miaka mob. Channel 3 hata iliwahi kugawa wiki ka mashamba: stori moja Jumatatu na Jumanne, ingine Jumatano na Alhamisi, ingine toka Ijumaa mpaka Jumapili. Kwa hivyo mtu wa Bangkok angeweza kuwa na adui watatu tofauti wa kuchukia kwa wiki moja.

Alafu mwisho haufichwi. Lakorn mob hutolewa kwa riwaya ambazo watu washasoma, na riwaya moja inaweza kutengenezwa upya kila kizazi. Khu Kam, ile ya manzi Mthai na afisa wa jeshi la maji la Japani wakati wa vita ya pili ya dunia, ilichezwa kwa TV 1990 na Bird Thongchai McIntyre, na 2013 ikarudi kwa sinema na Nadech Kugimiya. Kila mtu anajua huyo afisa, Kobori, anadedi. Wanakaa chini na tishu wakijua hivyo.

Sasa ka mwisho unajulikana, mtu anangoja nini? Si busu. Busu ya lakorn ya kitambo ilikuwa kona ya kamera tu, kichwa imefunika kichwa, na maua. Mi naona watu wanangoja yule manzi mbaya.

Wathai humwita nang rai. Steringi ni phra ek, na dem wake mzuri ni nang ek. Phra ek ni chali wa familia ya mahoteli ama shamba kubwa huko milimani, shati nyeupe, na hacheki mpaka episodi ya tano. Nang ek ni mpole. Analia na mekapu haitoki, analala nayo, anaopolewa mtoni ikiwa bado iko. Hao wawili wakiachwa peke yao kwa sini, unaweza kuenda kupika ugali na ukirudi bado wanaangaliana.

Nang rai ndio mtu wa kazi. Asubuhi ashalipa wahuni. Saa nne ashabadilisha karatasi za hospitali. Mchana anatangaza ako na ball ya phra ek, na jioni amefika kwa mathe wa phra ek na kikapu cha matunda, ameinamisha kichwa na viganja vimeshikana, heshima mpaka unataka kumuadopti wewe. Nang ek amefanya nini siku hio yote? Ameshinda kwa bustani, analia. Kwa hio nyumba yote, ni nang rai tu anajua anataka nini na anaamka mapema kukitafuta. Alafu waigizaji wenye wanashika hizo roli huwa moto. Kulia mtu yeyote anaweza. Jaribu kucheka kwa dharau dakika nzima, umesimama kwa ngazi, umevaa vito, bila kukaa fala.

Hao madem wa kupigana walishawahi kuleta soo mpaka nje ya TV. 2008 kulitoka Songkhram Nang Fah, stori ya mahostesi wa ndege wanang'ang'ania rubani, na walikuwa wanararuana wakiwa na yunifomu. Mahostesi wa ukweli wa Thailand waliwaka. Wakapeleka malalamiko serikalini, ati kazi yao inachafuliwa jina. Naskia uchungu wao, lakini pia nacheki watu wakiingia ndege hio wiki na kuchungulia nyuma kwa jikoni, ju huwezi jua.

Sasa skia venye naona. Nang rai peke yake anabamba, lakini lakorn inakuwa kubwa kabisa pale nang ek anapewa mikono ya nang rai.

Chukua Raeng Ngao, ile ya 2012 ya Channel 3. Mutta ni manzi mpole, anaajiriwa kwa ofisi Bangkok. Bosi wake, Jenphop, mzee wa watu ako na bibi na watoto, anamwingiza box. Bibi akishtuka hamuulizi bwanake kitu ya maana. Anamfuata Mutta mpaka kazini, anamdhalilisha mbele ya kila mtu, na wenzake wa ofisi wanakula hio shoo bure. Mutta ako na ball. Anajiua. Na hio ni mwanzo tu.

Alafu anakuja Munin, pacha wake. Janie Tienphosuwan ndio aliakti wote wawili, na hapo sina maneno. Uso ni ule ule, lakini huyu anaingia kwa ofisi kifua mbele, lipstiki nyekundu, akijifanya ni Mutta amerudi. Anamkatia bosi makusudi. Anamchokoza bibi ya bosi makusudi, mbele ya wale wale waliocheka, na kila kofi siz wake alikula anairudisha na riba. Angalia vile vitu anatumia: uongo, kiburi, bwana wa wenyewe. Hizo zote ni za nang rai. Lakini nyuma yake kuna kaburi, kwa hivyo mtazamaji anapewa ruhusa ya kufurahia ubaya bila kuona aibu. Kuna phra ek pia, Ken Theeradej, anampenda na anajaribu kumtuliza. Mi nilikuwa namwambia atulie yeye.

Hapa mtaani kila mtu anajua Jenphop wake. Mubaba wa ofisi, ako na pete, ako na gari ya kampuni, ana stori ati bibi yake hamwelewi. Na kila mtu anajua vile soo ikitoka, ni manzi ndio hufutwa, mubaba anabaki na kiti. Ndio maana Munin akimuaibisha yule mzee unaskia watu wa ploti nzima wakipiga nduru.

Alafu kuna Buppesannivas, yenye duniani wanaijua kama Love Destiny. 2018. Hii ndio ilishika Thailand yote shingo, na ukiichunguza ni mchezo ule ule, umepinduliwa tu. Ketsurang ni msomi wa mambo ya kale, mnono, mcheshi, anadedi kwa ajali ya gari. Roho yake inarudi nyuma miaka 300 na kitu mpaka Ayutthaya, mji mkuu wa kitambo, wakati wa Mfalme Narai, na inaingia kwa mwili wa Karakade. Na Karakade ni nang rai kamili. Mrembo, ana mdomo, anapiga watumishi, na aliwahi kupindua boti ya manzi mwenye anamuonea wivu mpaka mtumishi akafa maji. Watu wa nyumba alikokaa wakasoma mantra ya kumtafuta mwenye makosa, na ikamuua.

Kwa hivyo nang ek anaamka ndani ya sura yenye nyumba nzima inachukia. Akiinua mkono ajikune, watumishi wanalala chini wakingoja kichapo. Akisema asante wanaogopa zaidi. Phra ek, Det, ni mchumba wake na hawezi kumuangalia mara mbili. Ranee Campen, yule wanamwita Bella, anapita kati ya Ketsurang na Karakade kwa macho tu, na huku anachekesha: anatengeneza chujio ya maji, anachoma makamba na kuwapikia watu pilipili ya kuchovya, anatamka maneno ya kisasa mbele ya wazee na kila mtu anabaki mataa.

Na kumbe ndani ya hizo vicheko wamekufunza historia. Phaulkon, yule Mzungu mwenye masharubu anazunguka ikulu, alikuwa mtu wa ukweli, Mgiriki aliyepanda mpaka akawa mkono wa kulia wa mfalme, alafu 1688 upepo ukageuka akauawa. Bibi yake Maria Guyomar de Pinha pia alikuwa wa ukweli, na Wathai humsifu kwa kuwaletea vitamu vya kiini cha yai ka foi thong. Stori ilipowaka, watu walivaa nguo za kizamani wakajaa Wat Chaiwatthanaram huko Ayutthaya, hekalu la matofali kando ya mto lililojengwa 1630, wakipiga picha. Luku ya 1600 na kitu, fon mkononi.

Lakini kuna upande mwingine wa hii biashara, na sitaufunika.

Nang ek akichukua mikono ya nang rai, tunashangilia. Phra ek akiichukua, ni soo. Kuna aina nzima ya lakorn za kofi na busu, mahali chali anamtesa manzi kwanza alafu wanapendana. Jam Loey Rak ya 2008: kaka ya steringi amejiua kwa sababu ya mapenzi, steringi anamteka nyara manzi mwenye anadhani ndio alimvunja huyo kaka moyo, anampeleka kisiwani, anamfanyisha kazi ya punda. Si hata yeye, amekosea mtu! Na bado kwa mwisho ni harusi. Sawan Biang, pia 2008, inaenda mbali zaidi. Steringi, na ni Ken yule yule wa Raeng Ngao, anachukia manzi aliyeolewa na mbuyu wake, kwa hivyo anamlipizia kwa siz yake, Narin. Anambaka. Baadaye analia, anajuta, anasamehewa, na wanalea mtoto. Ken na Ann Thongprasom waliakti vizuri mpaka inauma, na stori ilipendwa hadi Uchina. Mi niliizima. Ukisema ati ni mapenzi yamezidi, mwambie siz yako hio maneno ukimuangalia usoni.

Kwa TV ya Thailand sigara hufunikwa na ukungu. Chupa ya tei, ukungu. Bunduki ikielekezwa kwa kichwa ya mtu, ukungu. Steringi kumvunjia manzi mlango, picha safi kabisa. Wathai wenyewe hawajanyamaza kuhusu hii; 2014 kulizungushwa saini mtandaoni za kudai sini za ubakaji zikome, na siku hizi steringi wa aina hio hapiti bila kuchomwa.

Jambo lingine la kukera, haraka tu: rangi. Mastaa ni weupe weupe, na kadhaa ni nusu Wazungu. Nadech fathe yake ni wa Austria, Yaya Urassaya fathe yake ni wa Norwei. Mboch wa nyumba ndio anakuwa mweusi kiasi na anaongea Kiisan, lugha ya kaskazini mashariki, ya kuchekesha watu. Na Nadech huyo alilelewa Khon Kaen, huko huko Isan! Lakini sisi wenye maduka ya downtown imejaa mafuta ya kujichubua tucheke polepole. Nadech na Yaya tangu Duang Jai Akkanee ya 2010 mafans walikuwa wanawaombea waoane, na kumbe wakapendana ukweli, kwa hivyo angalau watu wawili walipata mwisho wa lakorn bila kutekwa nyara.

Kuzipata siku hizi si ngori. Kampuni ya GMMTV iliweka drama yake F4 Thailand bure kwa YouTube kuanzia Desemba 2021, maandishi ya Kizungu chini. Netflix 2024 ililetea dunia Master of the House, episodi saba tu: tajiri wa almasi anaoa mboch wake, anadedi, na watoto wake wanaanza kukulana. Ka ulifuata Maria ya Citizen, manzi wa ghetto kwa nyumba ya wadosi, hio unaimeza bila maji.

Mgeni, ushauri wangu ni Buppesannivas kwanza, alafu Raeng Ngao ukishazoea kofi. Tafuta waifai, ju masaa mbili ya kila episodi itamaliza bando na utabaki kuomba omba hotspoti kwa majirani. Na usiangalie peke yako. Mathe akikaa hapo kwa sofa atauliza yule msichana mbaya wa mwanzo ameenda wapi, na itabidi umuelezee ati alikufa episodi ya kwanza, na ndio huyo hapo anachoma makamba.