Kope na Fomu ya Kazi

Katika mji wa Seoul, Korea Kusini, eneo la Gangnam limejaa zahanati za upasuaji wa urembo, na sehemu kubwa ya biashara yao ni kope. Daktari huichanja au huishona kope ya juu ipate mkunjo, jicho lionekane kubwa na la ujana. Wakorea wengi, ingawa si wote, huzaliwa bila ya mkunjo huo, wala jicho lao halina kasoro yoyote. Msimu wa biashara hiyo ni baada ya mtihani wa Novemba wa kuingilia chuo kikuu. Hapo ndipo wasichana wanapomiminika, mara nyingi kwa fedha za wazee wao.

Wako wanaosema kuwa hiyo ni kasumba ya Wamarekani. Ni kweli kwamba Millard, daktari wa jeshi la Marekani, alifanya operesheni hizo Korea baada ya vita vya 1950 hadi 1953. Lakini Mjapani Mikamo alikwisha kuandika habari za operesheni ya namna hiyo mwaka 1896. Kumtwisha mgeni lawama zote ni kujipumbaza.

Lawama kubwa, kwa maoni yetu, ni ya mwajiri. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi huko kijana kubandika picha yake kwenye fomu ya kuombea kazi. Mzazi akiyaona hayo, atakosaje kulipia kope? Serikali yao ililitambua jambo hili. Mwaka 2017 mashirika ya umma yaliagizwa kuondoa picha katika fomu, na mwaka 2019 sheria ikawakataza waajiri wenye wafanyakazi 30 na zaidi kudai habari za sura, kimo na uzito zisizohusiana na kazi.

Hatusemi kuwa kila upasuaji wa kope ni upuuzi. Ngozi ya kope hulegea kwa umri hata ikaziba macho, na Rais Roh Moo-hyun alipasuliwa mwaka 2005 kwa kope zilizolegea. Mashekhe wetu nao hutofautisha baina ya tiba na kubadili umbile. Bali asiyekuwa na ugonjwa aelewe kwamba ngozi ikikatwa kupita kiasi jicho halifumbi sawasawa, hukauka. Na damu ikivuja nyuma ya jicho, japo ni nadra, huweza kupofua.

Visiwani kwetu balaa ni mkorogo, si kope. Hata hivyo, tangazo la kazi ya hoteli linalotaka msichana "mwenye sura ya kuvutia" ni ndugu wa ile fomu ya Seoul. Wakuu wanaosimamia kazi Unguja na Pemba wayasome matangazo hayo, na wamuulize mwenye hoteli sura hiyo itabeba sinia gani.