Kifafa si pepo: Dozi isikatike Dzaleka

DZALEKA, Malawi – Katika kambi hii ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe, Kiswahili huwaunganisha Wakongo na Warundi. Kwa lugha hiyo lisemwe wazi: kifafa si pepo.

Ubongo una kemikali iitwayo GABA, inayozituliza seli za neva kama breki. Breki ikizidiwa, seli huwaka kwa pamoja. Mgonjwa huanguka na kukakamaa.

Fenobabitoni, dawa ya bei nafuu iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, huiongezea GABA nguvu. Lakini ikiachwa ghafla, kifafa huweza kurudi mfululizo na kuua. Anayekwenda Lilongwe, hata kwa siku mbili, asisahau vidonge vyake.