Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Msomaji wetu wa Unguja na Pemba hahitaji kufasiriwa methali hiyo, kwani amekwisha kuona kwa macho yake, katika usiku wa taarab, akina mama wakiinuka kwa madaha, noti mkononi, kwenda kumtunza mwimbaji. Lakini neno kutunza lina maana mbili. Kutunza ni kumpa mchezaji zawadi yake. Na kutunza ni kukiweka kitu mahali salama kisiharibike. Leo twapenda kuuliza juu ya wakuu wa muziki wa jazi nchini mwetu, ambao wengi wao wamekwisha kufariki: je, tumewatunza kwa maana ipi kati ya hizo mbili?

Swali hili tunalianzia mbali na pwani, huko Kumsenga, katika nyanda za juu za Kigoma, upande wa Kibondo na Kasulu. Yumkini msomaji wa visiwani atauliza Buha inahusika vipi na jazi. Jibu limo katika historia ya mkonge. Katika zama za ukoloni vijana wa Buha waliandikishwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alitambulishwa kwa namba yake, wala si kwa jina alilopewa na wazazi wake. Kazi ilikuwa nzito na ujira ulikuwa haba.

Miji iliyozungukwa na mashamba hayo ndiyo iliyokuwa miji ya jazi. Morogoro ilikuwa na Morogoro Jazz, iliyoundwa mwaka 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Tanga ilikuwa na Jamhuri Jazz, ambayo kabla ya kubadili jina iliitwa Young Nyamwezi. Na jina hilo latosha kutuonyesha kwamba watu wa magharibi hawakuwa wasikilizaji tu. Mjini Dar es Salaam nako, mwaka 1959, Iddi Nhende, mtu wa Nzega, aliunda Western Jazz. Hivyo, kijana aliyerudi Kasulu au Kibondo baada ya mkataba wake alirudi na nguo, na blanketi, na nyimbo kichwani.

Hapa yafaa tueleze kwamba jazi ya kwetu si ile ya New Orleans. Neno tulilipokea kutoka Marekani, tukalipa maana yetu: bendi ya dansi yenye magitaa, ngoma na tarumbeta. Dar es Salaam Jazz iliundwa mwaka 1932. Tangu miaka hiyo ya 1930 santuri za Kuba ziliuzwa barani Afrika, nazo zikawafundisha vijana wetu mapigo ambayo asili yake ilikuwa Afrika hii hii. Baadaye ikaja rumba ya Kongo, ya African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz ya Franco. Mkoa wa Kigoma, unaotenganishwa na Kongo na maji ya Ziwa Tanganyika tu, haukuwa na haja ya kungoja rumba ipitie Dar es Salaam. Tena Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, alikuja Dar es Salaam mwaka 1978, akafanya kazi na Makassy na baadaye Matimila, hata alipofariki mwaka 2010 alililiwa na Watanzania kama mwana wao.

Kisha ikaja redio. Mwaka 1972, katika Operesheni Kigoma, wananchi wa mkoa huo walihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Mwaka uliofuata Radio Tanzania ilitangaza kampeni ya Mtu ni Afya, na watu vijijini wakakusanyika katika vikundi kusikiliza mafundisho ya vyoo na maji safi. Redio ile ile ya betri iliyofundisha uchimbaji wa vyoo ndiyo iliyoleta gitaa la Mbaraka Mwinshehe, msondo wa NUTA Jazz, saboso ya Western na segere matata ya Tabora Jazz. Na katika Tabora Jazz hiyo aliimba mwana wa Kigoma mwenyewe, Shem Karenga, aliyefariki mwaka 2014. Mtu wa milimani aliyemsikia Karenga alimsikia wa kwao, akisema Kiswahili kilichoeleweka Kumsenga, Mkokotoni na Wete pia. Huo ndio urithi mkubwa wa wanamuziki hawa: waliwakutanisha watu ambao hawakupata kuonana.

Serikali na vyombo vya umma vilinufaika nao sana. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na bendi zao. Wanamuziki waliimba juu ya kilimo, umoja na kazi, nao wananchi wakasikiliza pale ambapo pengine wasingeisikiliza hotuba. Mwaka 1970 Morogoro Jazz, pamoja na Mbaraka, ilipiga muziki katika maonyesho ya dunia mjini Osaka, Japani, kwa jina la Tanzania. Kwa hiyo, tunapozungumza juu ya kuwatunza, hatuzungumzii sadaka. Tunazungumzia deni.

Deni hilo halijalipwa ipasavyo. Katika miaka yao ya sifa, nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Mwenye kutaka santuri alikwenda Nairobi. Nyimbo nyingi zilibaki katika kanda za Radio Tanzania, ambazo sasa zimo katika hazina ya TBC. Kanda ni kitu dhaifu. Joto na unyevu huila, na mashine za kuisomea zinapungua. Kanda ikishaharibika kabla ya kunakiliwa, wimbo uliomo umekufa, wala hakuna bajeti itakayoufufua.

Upande wa haki, hesabu ni ya kutisha zaidi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, inalinda kazi ya mtunzi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Salum Abdallah alifariki kwa ajali mwaka 1965. Kwa hesabu hiyo, muda wake ulikwisha mwaka 2015. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Muda wake utakwisha mwaka 2029. Muhiddin Gurumo wa NUTA Jazz na Shem Karenga walifariki wote wawili mwaka 2014, nao warithi wao wana nafasi hadi mwaka 2064. Nyimbo za wazee hawa zapigwa harusini, katika mabasi na hotelini, na vijana wa leo huzirudia kwa sauti mpya. Ni haki kila senti inayotoka humo iwe na njia ya kumfikia mjane au mtoto kabla saa ya sheria haijagonga.

Sisi twaona mambo matatu yawezekana bila kungoja wafadhili. Kwanza, kanda zote zinakiliwe, na orodha yake iwekwe wazi mikoani na visiwani, ili mzee wa Kibondo aweze kusema huyu mpiga gitaa namjua, jina lake lilisahauliwa. Wazee hao hawatungoji. Pili, Cosota kwa upande wa Bara na Cosoza kwa upande wa Zanzibar washirikiane kuwatafuta warithi, kwa kuwa wimbo haujui kivuko wala mpaka wa mamlaka. Tatu, shule zetu ziwafundishe watoto majina haya pamoja na majina mengine ya taifa.

Katika hili Zanzibar ina la kufundisha. Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, ingali ikipiga. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na hata leo jina lake latajwa na watoto wasiopata kuisikia sauti yake. Taarab ilidumu kwa sababu vikundi vyake vilikuwa mali ya wanachama, vikawa na nyumba, na ala, na vijana waliofunzwa na wazee. Bendi nyingi za jazi zilikufa na wakuu wao. Majirani zetu wa Kongo mbili nao wametangulia: mwaka 2021 waliiingiza rumba yao katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu, kwa maombi ya pamoja ya serikali mbili.

Hatusemi kwamba urithi umekatika. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walijikusanya kwa jina la Kigoma All Stars, wakatoa wimbo wenye jina la Kiha, Leka Dutigite, ukapendwa na watu wasiojua neno moja la lugha hiyo. Hiyo ndiyo njia aliyoipita Karenga, na kabla yake manamba aliyerudi milimani na wimbo kichwani. Njia ingalipo. Inayotakiwa ni haki kwa walioilima.

Wananchi walikwisha kuwatunza wanamuziki hawa kwa maana ya kwanza ya neno, kwa makofi na kwa kucheza. Maana ya pili ni kazi ya wenye funguo za hazina na mihuri ya ofisi. Kwa Mbaraka Mwinshehe, mwaka 2029 hauko mbali.