Mganga Hajigangi

Wanangu, wahenga walisema mganga hajigangi. Basi leo nawapa kisa cha mganga wa umeme aliyeugua, akabebwa mpaka kwa fundi wa Langoni, kule Lamu.

Mganga mwenyewe ni osiloskopu. Mita ya kawaida hukupa tarakimu: volti 5, volti 12, basi. Osiloskopu hukuchorea umeme kwenye kioo, ukauona unavyopanda na kushuka. Umeme wa nyumbani hapa Kenya hurudia mwendo wake huo mara 50 kila sekunde, na jicho haliwezi kuufuata. Mjerumani Karl Ferdinand Braun ndiye aliyetengeneza bomba la kioo la kuuchora, mwaka 1897. Za siku hizi hazina bomba tena, ni kompyuta. Nyingi hupima umeme mara bilioni moja kwa sekunde, zikageuza vipimo kuwa picha. Na kwa vile ni kompyuta, zina maradhi ya kompyuta: unabonyeza, haziamki.

Fundi wetu ana duka kichochoroni, hatua chache kutoka njia kuu ya Usita wa Mui. Njia ni nyembamba, punda akipita na shehena ya mawe, wateja hujibanza ukutani. Hutengeneza televisheni, redio, inveta za sola, na vipimo vya kina cha maji vya wavuvi. Siku hiyo aliingia kijana anayesomea umeme, kwapani ana osiloskopu aliyoinunua kuukuu.

"Ami, hii hainiwakii. Hutoa nembo, ikazima, ikatoa tena nembo, ikazima. Nadhani programu imeharibika. Nataka kuipakia upya kwa flashi."

"Ndoo ukae," fundi akasema. "Kabla ya kumtia akili, tumuulize amekula nini."

Sikilizeni vizuri hapa. Kompyuta haiamki kwa mkupuo mmoja. Kwanza pawa saplai hushusha volti 240 za ukutani zikawa volti 5, volti 3.3 na nyingine ndogo zaidi. Kuna chipu ndogo ya ulinzi inayoizuia prosesa isianze mpaka volti zitimie. Zikitimia, kristali hupiga mapigo yake, prosesa ikasoma programu kwenye kumbukumbu, na nembo ikatokea. Lakini ile chipu ya ulinzi hailali. Volti 3.3 zikiporomoka hadi chini ya 3 hivi, hata kwa kufumba na kufumbua, huirudisha prosesa mwanzo.

Kwa hiyo nembo ile ilikuwa ushahidi. Ilionyesha kwamba prosesa ni nzima na programu, angalau mwanzo wake, inasomeka. Kitu kilikuwa kinakatika baada ya hapo, pale chipu za kupimia na sehemu nyingine zinapoanza kudai umeme kwa pamoja.

Ami akachomoa plagi, akafungua skrubu. Hakutia mkono. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita kubwa inayobeba volti zipatazo 340, na huweza kuzishikilia hata baada ya plagi kutoka ukutani. Aliipima kwanza, akaimaliza umeme wake kwa rezista, akaipima tena. Kila anapopima kifaa chenye umeme, mkono wake mmoja huwa mbali, ili umeme usipate njia ya kupitia kifuani. Mafundi wengine huutia mfukoni. Ami alivaa kikoi, kikoi hakina mfuko, akauweka mgongoni.

Feni ilikuwa imejaa vumbi, na vichwa vya skrubu vimeota kutu ya kijani kwa chumvi ya bahari. Aliwasha, akagusa kwa ncha za mita. Volti 3.28.

"Si iko sawa, Ami?"

Haikuwa sawa. Mita hiyo hutoa wastani. Umeme ukizama kwa sehemu ndogo ya sekunde kisha ukarudi, mita haina habari. Ili uone kuzama huko unahitaji osiloskopu, na osiloskopu ya pekee dukani ndiyo ilalayo mezani!

Ami akazima, akachungulia kapasita za upande wa volti ndogo. Moja ilikuwa na kichwa kilichovimba kidogo, si cha kugutusha. Akatoa kapasita nzima kwenye kopo lake, akaigeuza bodi na kuilehemu sambamba na ile mbovu, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Akawasha. Nembo ikatokea, ikakaa, kisha mstari wa kijani ukatanda kwenye kioo. Kijana alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Kapasita ya namna hiyo ina majimaji ndani, na joto huyakausha. Iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 huongeza maisha yake maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazopungua. Kwa nyuzi 65 itafika saa 32,000, yaani zaidi ya miaka 3 na nusu ya kuwaka bila kuzimwa. Feni ikizibwa na vumbi, hesabu hiyo inakwenda kombo. Ndiyo maana Ami alimkaripia kijana kwa vumbi, wala hakutaja programu.

Ile ya koponi ilikuwa ya kujaribia tu. Kapasita ya kubakia ililetwa kutoka Mombasa, kwa basi hadi Mokowe na kwa boti hadi kisiwani. Ami aliitaka yenye uwezo uleule, volti sawa au zaidi, na nyuzi 105. Mstari ulio ubavuni mwa kapasita huonyesha upande wa hasi. Ukiigeuza, inaweza kupasuka usoni mwako.

Na flashi je? Kijana alibahatika kutoitumia. Kupakia programu kwenye kifaa ambacho umeme wake unakatika ni hatari, kwa sababu kikizima katikati ya kazi kinaweza kubaki na programu nusu, kisiwake tena kabisa.

Nanyi mnaotaka ufundi, anzeni na redio ndogo ya betri za volti 3. Cha kuchomekwa ukutani msikifungue mpaka awepo fundi mzima kando yenu.