Somo la Asili ya Binadamu Lisiwape Watoto Ndimi Mbili

Hufika siku shuleni ambayo mwalimu hana budi kufungua sura ihusuyo asili ya binadamu. Siku hiyo wako walimu waipitao sura ile mbio mbio, kama mtu apitaye makaburini usiku. Wako na wengine wawaambiao watoto: "Haya yaandikeni katika mtihani, lakini msiyaamini." Wazazi nao wapatapo habari hunung'unika kwamba mtoto amepelekwa shule kutafuta elimu, si kuambiwa kwamba babu yake ni nyani. Twaona yafaa jambo hili lizungumzwe waziwazi, maana lagusa vitu viwili wavithaminivyo sana wananchi: imani yao na elimu ya watoto wao.

Kwanza yatupasa kujua ni nini hasa kinachofundishwa. Sayansi haisemi kwamba nyani wa leo alimzaa mtu. Yasema kwamba viumbe hubadilika polepole, kizazi baada ya kizazi, na kwamba binadamu na sokwe wana asili moja ya kale sana, wakaachana njia mamilioni ya miaka iliyopita. Mwaka 1859 Charles Darwin, mtaalamu wa Uingereza, alitoa kitabu kilichoeleza jinsi jambo hilo litokeavyo. Viumbe wa jamii moja hawalingani kwa kila kitu. Wale ambao tofauti zao zinawafaa pale walipo huishi na kuzaa zaidi kuliko wenzao, na watoto wao huzirithi tofauti hizo.

Mfanyakazi hana haja ya kusafiri mbali ili aione kanuni hiyo. Wengi wetu twaikumbuka klorokwini na uchungu wake. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa ngao yetu dhidi ya malaria. Lakini katika mamilioni ya vijidudu vya ugonjwa huo vilikuwamo vichache ambavyo dawa haikuvidhuru. Vingine vilipokufa, hivyo vilisalia vikazaana, hata vikawa ndivyo vingi. Mwaka 2001 Tanzania ililazimika kuiondoa klorokwini katika nafasi ya dawa ya kwanza na kuiweka SP mahali pake. Haikupita miaka mingi, SP nayo ikapata mkasa ule ule, na tangu mwaka 2006 ikashikwa dawa mseto. Mganga asiyejua jinsi viumbe wabadilikavyo hawezi kueleza kwa nini dawa iliyomponya baba ilishindwa kumponya mwana.

Tena habari hii haikuletwa kwetu na meli kutoka ng'ambo. Imefukuliwa katika ardhi yetu wenyewe. Tarehe 17 Julai 1959, katika Bonde la Olduvai, Mary Leakey aliliona fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus. Mwaka 1961 wataalamu walipima tabaka za majivu ya volkano ya mahali pale wakapata umri wa miaka 1,750,000 hivi. Mwaka 1978, huko Laetoli, kusini ya Olduvai, zikafukuliwa nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Na mwaka 1984, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, Kamoya Kimeu aliona kipande cha kwanza cha mifupa ya kijana aliyeishi miaka milioni moja na nusu na zaidi iliyopita. Kamoya hakuanza kazi hiyo akiwa profesa. Alianza akiwa kibarua wa kuchimba pale pale Olduvai. Jicho na subira ya mfanyakazi wa Kiafrika vimo ndani ya elimu hii.

Wako wasemao: "Hiyo ni nadharia tu." Neno hilo lapoteza wengi. Katika mazungumzo ya barazani nadharia ni dhana ya mtu. Katika sayansi ni maelezo yaliyopimwa kwa ushahidi mara nyingi, nayo hurekebishwa ushahidi mpya utokeapo. Louis Leakey, mume wa Mary, alidhani kwanza kwamba Zinjanthropus ndiye aliyefanya zile zana za mawe za Olduvai. Baada ya muda mfupi ikapatikana pale pale mifupa ya kiumbe mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi, na mwaka 1964 Leakey na wenzake wakatangaza kwamba huyo, Homo habilis, ndiye fundi wa zana zile. Walisema hadharani, kwa kuwa mifupa ilisema hivyo.

Je, imani yadhurika? Yafaa tukumbuke kwamba Louis Leakey huyo alizaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903, katika nyumba ya wamisionari. Mwaka 1950 Papa Pius wa 12 aliandika kwamba Kanisa Katoliki halikatazi wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa binadamu, bali lashika kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri kwamba mageuzi ya viumbe ni zaidi ya dhana tu. Miongoni mwa Waislamu wako wanavyuoni wakubalio mabadiliko ya mimea na wanyama lakini humtoa Adamu katika hesabu hiyo, na wako wakataao yote. Wakristo wengi nao wakataa. Hatuwabezi. Mwalimu amchekaye Mungu mbele ya watoto ameiacha sayansi, maana darubini haina jibu juu ya roho wala juu ya sababu ya sisi kuwako.

Lakini kufunga mlango wa darasa si dawa. Mwaka 1925, katika jimbo la Tennessee huko Marekani, mwalimu John Scopes alishtakiwa na kutozwa dola 100 kwa kufundisha mageuzi. Sheria ile ilifutwa mwaka 1967, wala hatujasikia kwamba makanisa ya Tennessee yalibomoka. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa mjini Nairobi walitaka mifupa ya kijana wa Turkana isiwekwe mahali pa heshima katika makumbusho. Mifupa haikuondoka katika historia kwa sababu hiyo. Mwaka 2017 Uturuki ilitangaza kuiondoa sura ya mageuzi katika mtaala wa sekondari. Hasara ni ya vijana watakaosoma udaktari na kilimo.

Hasara kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni ile ya mtoto aliyeambiwa aandike asichokiamini. Huyo hafundishwi dini wala sayansi. Hufundishwa kwamba elimu ni hila ya kupata cheti. Kesho atakuwa karani aandikaye katika daftari hesabu ajuazo si za kweli, au msimamizi atiaye saini kwamba mashine imekaguliwa, hali hakuna aliyeigusa. Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa mwaka 1967, ilitaka shule zitoe vijana wenye akili ya kudadisi. Hapo hapakusudiwa kasuku, wala mnafiki.

Katiba yetu ya mwaka 1977 imeiacha imani mikononi mwa mtu mwenyewe. Basi na mtihani ufuate njia hiyo. Umwulize mtoto ushahidi ni upi na wataalamu wameufafanua vipi. Usimwulize moyo wake wasadiki nini. Mtoto aweza kujibu kwa haki, "Wataalamu wasema hivi, kwa sababu hizi," kisha akaenda kusali bila kumdanganya mtu yeyote.

Twawaomba walimu waifundishe sura hiyo yote, kwa utulivu na bila dhihaka. Twawaomba mashehe, mapadre na wachungaji wayajibu maswali ya vijana pasipo kuwatisha, kwani kijana aulizaye bado yumo nyumbani mwao. Nanyi wazazi, mtoto arudipo na daftari lake, msimnyamazishe. Mwambieni asome mbele yenu alichoandika, kisha mwelezeni wazi kile mnachoamini na kwa nini.