«Leave»: kutoka ku kazi si kuacha kazi

Ku migoti ya Kolwezi na Likasi, kifaransa njo luga ya serikali, lakini mashefu wengine banaandika karatasi mu kingereza. Ku sendika tunaona neno moja linasumbua sana wandugu: «leave».

Sisi tunasema «natoka ku kazi», basi wengi wanaandika «I leave from my job at six». Hapana. Poste ikiisha, sema «I leave work at six», bila «from». Na hiyo «job» uiogope: «I left my job» maana yake umeacha kazi kabisa. Anayeisoma ku biro hatakuuliza ulitaka kusema nini. (Ya zamani ni «left», «leaved» haiko.)

Na konje je? «I am on leave»: niko mu konje. Konje ni haki yetu, iko mu sheria ya kazi ya 2002. Usiandike «I leave» tupu, watasoma kwamba unaenda zako.

Mu safari, kaneno kadogo kanageuza njia: «I leave Likasi», unatoka Likasi, «I leave for Likasi», unaenda kule. Tena vuta sauti, juu «I live in Likasi» inasikilika karibu sawa, kumbe ni kuishi.

Karatasi ya kingereza ikikufikia, usisaini mbiombio. Ilete kwa delege wa sendika, tuisome pamoja.