Punda Mwalimu wa Ndama

Juma hili tutazame jambo la zizini, maana Bwana mwenyewe alipofundisha hakuona haya kutaja nira, kondoo na punda.

Ninyi mfugao ng'ombe mwajua kazi ya kumzoeza ndama kamba. Ndama aliyekwisha kuachishwa kunyonya, mwenye kilo 200 au zaidi, akivutwa mara ya kwanza hukaza miguu, hujitupa chini, au humburuta mtu uwanjani. Mtu naye hukasirika na kushika fimbo. Tangu siku hiyo ndama hujua jambo moja tu, kwamba mtu ni adui.

Huko Marekani wako wafugaji ambao kazi hiyo humwachia punda. Hufanya hivyo hasa wale watayarishao ng'ombe wa maonyesho, na miongoni mwao wamo vijana wa vilabu vya 4-H, jamaa ya vilabu vyetu vya 4-K. Kwenye maonyesho, huko kama hapa Kenya, mnyama hupitishwa mbele ya waamuzi akiongozwa kwa kamba. Asiyekubali kuongozwa hushindwa, hata akiwa mnono.

Je, hufanyaje? Punda huvishwa mkanda mpana shingoni, na ndama huvishwa hatamu kichwani. Kisha huunganishwa kwa kamba yenye kiungo cha chuma kinachozunguka, ili isijisokote. Kamba isiwe ndefu, wasije wakaingiza miguu. Wala isiwe fupi mno, maana wote wawili lazima waweze kuinama na kunywa. Uwanja uwe wazi, usio na miti wala visiki vya kunasa kamba. Tena mtu awe karibu akitazama, hasa siku ya kwanza.

Basi punda huenda zake. Akiona kiu, huenda majini, na ndama apende asipende huenda naye. Ndama akivuta, punda husimama imara. Hampigi, wala hamwekei kisasi. Ndama akisogea, kamba hulegea papo hapo. Somo ni hilo tu: ukishindana nayo hukaza, ukifuata hulegea. Baada ya siku kadhaa, au majuma machache, ndama hutembea kando ya punda kwa utulivu. Ndipo mwenyewe huifungua kamba ile na kumwongoza kwa mkono wake.

Lakini si kila punda afaa. Huchaguliwa punda mzima, mtulivu, jike au dume aliyehasiwa, mwenye nguvu kumshinda ndama. Dume asiyehasiwa aweza kuuma na kujeruhi. Tena kuna hatari katika chakula. Baadhi ya vyakula vya ng'ombe hutiwa dawa iitwayo monensin. Ng'ombe humfaa, lakini kwa punda na farasi ni sumu ya kuua. Kwa hiyo mfugaji mwenye busara huwapa nyasi na maji tu wakiwa pamoja, na chakula hicho humpa ndama peke yake.

Pengine mmoja wenu atauliza: Je, Torati haikukataza kulima kwa ng'ombe na punda pamoja? Ndiyo, twasoma hivyo katika Kumbukumbu la Torati 22:10. Lakini pale palikuwa na jembe, na wanyama wasiolingana walivuta kazi moja. Hapa hapana jembe. Mkubwa anatembea, mdogo anajifunza kutembea, na kamba ni ya muda tu.

Ndugu wapendwa, tutazame makanisa yetu. Kijana hupokea kipaimara, tukamshangilia, tukala chakula, kisha tukamwacha peke yake. Tukimwona tena ameanguka, twashika fimbo ya maneno. Naye hujifunza kwamba kanisa ni adui. Je, ni nani aliyetembea naye? Kijana huyo alihitaji mtu mzima wa kwenda naye kila siku, asiyekasirika upesi, ajuaye njia ya majini. Katika Mathayo 11 Bwana wetu ajiita mpole, nasi twaitwa kujifunza kwake kabla ya kumfundisha mwingine.

Wazee, mjichunguze mwendako. Punda aingiaye miibani humwingiza na ndama. Nanyi washarika, mwangalieni yeye anayewaongoza wengine, maana naye ana njaa yake, na hawezi kuishi kwa kulisha wengine tu. Kisha tukumbuke kuifungua kamba. Watoto hawa si mali yetu. Tunawazoeza tu, ili Mwenyewe atakapowaita, wamfuate.

Tuombe. Ee Bwana, utupe uvumilivu kwa wale uliowaweka kando yetu. Utuongoze sisi kwanza, ili watufuatao wasipotee. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.